Funda la Benchi la Mbele

Kwa maelezo ya Mama Redio, shemeji yake alikuwa amekwisha. Si kuumwa, kwisha. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, akitoka kitandani kwenda mlangoni anapumzika njiani kama lori linalopanda mlima, na ndugu walikwisha anza kuulizana kwa kuzungukazunguka ni nani atabaki na kibanda chake cha kushonea viatu. Ndipo Mama Redio, ambaye alikuwa amesikiliza kipindi cha afya tangu mwanzo hadi matangazo, akampelekea divai nyekundu. Glasi moja jioni, na nyingine ikiwa jioni yenyewe ni ndefu. Wiki haijaisha, yule marehemu mtarajiwa akaonekana juu ya paa, kifua wazi, misumari mdomoni, anagongelea bati huku anaimba.

"Kwa macho yangu haya," alisema Mama Redio, akayaonyesha kwa vidole, kana kwamba kuna mtu angedhani ametumia mengine.

Alikuwa jikoni kwa Mama Kimya, amekalia kigoda ambacho hakukaribishwa. Mama Kimya alikuwa anachambua mchele. Binti yake alikuwa pembeni, anapiga pasi vitambaa vyeupe vya kanisani, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kufua na kunyoosha vitambaa vya madhabahu, na kuandaa kikombe cha meza ya Bwana. Jina la Kimya alipewa na wenzake shule ya msingi, likamfuata mpaka nyumbani kama paka. Na kwa kuwa mama huitwa kwa mwanawe, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko wote mtaani akajikuta anaitwa Mama Kimya. Wageni walidhani anataniwa.

"Na kinachoponya hapo ni nini?" aliuliza Mama Kimya. "Ulevi?"

"Ulevi gani, mwenzangu! Kuna kitu kinakaa kwenye ganda la zabibu. Ganda, si maji yake. Wataalamu wanakiita resveratroli."

"Resve nani?"

"Usijisumbue kulitamka, kinafanya kazi hata usipokiita. Walimpa panya. Panya mzee, mnene, anangoja siku yake. Panya akaanza kukimbia kama kijana aliyekutwa chumbani na baba wa msichana."

Mama Kimya aliacha kuchambua. Naye alikuwa na moyo wake. Kliniki walimwambia unasukuma damu kivivu, wakampa vidonge vya kumeza kila asubuhi maisha yake yote. Alivitia kwenye kopo la bati dirishani, na kila alipovimeza alikunja uso kama mtu anayemeza tusi.

Lakini divai ilikuwa na tatizo, nalo lilikuwa kubwa kama kabati. Mama Kimya ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wanaopinga pombe. Alikwisha mwaga mtaroni pombe za watu mbele ya macho yao, akaimba na pambio. Dukani, akipita penye rafu ya chupa, aligeuza uso kama aliyemfuma mtu anaoga.

"Mimi? Divai? Heri nife."

"Basi ufe, shoga yangu. Mimi nimeshasema," alijibu Mama Redio, akajifunga kanga vizuri, akaenda kuisema kwingine.

Mchele ulibaki kwenye ungo. Kimya aliona mama yake anatazama vile vitambaa vyeupe, hasa kile kidogo cha kufutia kikombe baada ya kila mdomo. Alikitazama kwa muda, kichwa kimeinama upande. Kimya aliona, maana hakuna alichokuwa haoni, ila hakuelewa. Alielewa Jumapili.

Miaka yote mama yake alikaa benchi la katikati, karibu na dirisha, kwa ajili ya upepo na kwa ajili ya kuhakiki nani kachelewa. Jumapili ile Kimya alisimama mlango wa pembeni na kitambaa chake mkononi, akamkuta mama yake benchi la mbele kabisa, amebanwa katikati ya wazee wawili viziwi ambao waliwekwa pale ili angalau waone midomo ya Mchungaji. Ibada ikaenda, mkate ukapita, kikombe kikafuata. Watu wa kanisa lile walikuwa na adabu ya kikombe: mtu anagusisha mdomo, analowesha, anarudisha. Mama Kimya alikishika kwa mikono miwili, juu ya mikono ya Mchungaji, akakiinamisha. Koo likapanda, likashuka. Likapanda tena. Mchungaji akavuta. Mama Kimya akavuta. Kikombe kikasimama hewani kama kuku anayegombewa sokoni. Alipokiachia, alisema "Amina!" kwa nguvu mpaka mshumaa ukayumba.

"Mama, leo ulikuwa na kiu?" Kimya alimuuliza njiani.

"Kiu ya nini?"

"Nimeuliza tu."

"Neema haipimwi kwa kijiko, mwanangu. Tembea."

Kama angeishia hapo, dunia ingeendelea. Lakini Mama Kimya hakuwa mtu wa kupona peke yake. Alimnong'oneza Mama Redio, tena kwa siri kubwa, na kumwambia siri Mama Redio ni sawa na kupanda juu ya meza sokoni. Jumapili iliyofuata wazee walifika kanisani kabla ya mwenye funguo. Wale viziwi wawili walisukumwa mpaka ukutani bila kusikia sababu. Mzee wa mkongojo alimpiga kiwiko mzee wa miwani, na mzee wa miwani akamkumbusha kwamba wako nyumbani mwa Mungu, kisha akamkalia kofia. Walikuja wenye moyo, wenye mgongo, wenye magoti, na mmoja mwenye upara tu, ambaye alisema huwezi kujua.

Mchungaji mwanzoni alifurahi. Alidhani ni mahubiri yake ya kufunga yameanza kuwachoma. Furaha ilimtoka pale kikombe kilipokauka kabla hakijafika benchi la tatu. Akarudi kujaza, akaenda, kikakauka tena. Kwaya ikarudia wimbo mpaka waimbaji wakaanza kutazamana kwa chuki. Vijana wa nyuma walipata baraka na harufu.

Siku ile baada ya ibada, katika kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, Mchungaji aliinua chupa ya mwisho akaielekeza dirishani. Mwanga ulipita wote.

"Binti, hii ilikuwa itufikishe mwisho wa mwaka."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Wanakunywa kama ngamia. Wana nini?"

Kimya hakuwa msemaji, lakini ameulizwa. Akamweleza: ganda la zabibu, panya, shemeji juu ya paa. Mchungaji alikaa juu ya rundo la vitabu vya nyimbo, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu Jumapili nyingine ilikuwa inakuja, na makao makuu wangeuliza divai ya mwaka mzima imekwenda wapi, na hakuna mchungaji anayeweza kujibu swali hilo bila watu kumnusa mdomo.

"Kile kinywaji cha watoto wa shule ya Jumapili bado kipo?"

"Kipo. Dumu zima."

"Rangi?"

"Nyekundu."

Mchungaji alivaa miwani yake taratibu. "Mungu huangalia moyo, binti."

"Na wao pia wanaangalia moyo, Mchungaji."

Alimtazama kwa mashaka. Kimya alikuwa ameinamia kitambaa, anakunja ncha kwa ncha.

"Basi ibaki kati yetu," alisema Mchungaji.

Ikabaki. Kimya alifungua dumu, akachanganya na maji, akamimina. Ilikuwa sharubati ya maji, sukari na rangi. Penye karatasi ya nje palichorwa tunda ambalo halikuwahi kufika ndani. Ganda la zabibu halikupita hata karibu na uzio wa kiwanda kile. Alisimama kwenye ule mlango wake wa pembeni akiwa tayari kwa lolote. Watagundua, alijiambia. Mzee wa kwanza akionja tu, yamekwisha.

Walionja. Waligundua. Walisema hii ni bora.

"Ile ya zamani ilikuwa kali," alisema mzee wa miwani nje ya kanisa, akijipiga kifuani. "Hii inashuka yenyewe. Zabibu za mwaka huu zilipata mvua nzuri."

"Mimi imenishika mpaka kwenye vidole," alisema yule wa upara.

Mzee wa mkongojo alitoka kanisani akauacha mkongojo wake kwenye benchi. Alirudi kuufuata kabla hajafika barabarani, anachechemea na kulaani, lakini waliosimulia habari hiyo walisimulia nusu ya kwanza. Kimya alisikia yote, akaenda nyuma ya chumba kile kidogo, akauma kitambaa cha kikombe na kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Alicheka wiki ile, akacheka na iliyofuata.

Kicheko kilikatika siku ya ushuhuda. Mama yake alisimama mbele ya watu, mkono mmoja kiunoni, kama anayetaka kuuza kitu.

"Wapendwa, mnanijua! Mlijua moyo wangu ulivyokuwa. Leo nawaambia, vile vidonge nimeviaga. Havimo tena kinywani mwangu. Kopo lake sasa natunzia vifungo!"

Watu wakapiga makofi. Mama Redio akapiga vigelegele virefu, kama bibi harusi ni yeye. Kimya alisimama na kitambaa chake. Kila asubuhi, akiwa uani anafagia, alikuwa anasikia kopo linatikiswa dirishani, chaka-chaka, kisha maji yanamiminwa. Akajua mama amemeza. Kumbe mama alikuwa anamtikisia vifungo.

"Mama, nesi alisema usiviache hata ukijisikia vizuri," alimwambia nyumbani.

"Nesi ana kiti chake, mimi nina benchi langu."

"Mama..."

"Wee Kimya, wewe ulikuwa husemi. Umeanza lini?"

Basi Kimya akarudi kwenye kazi yake ya kutazama, na alichokitazama kilikuwa viatu. Mama yake alikuwa na viatu vya Jumapili, vyeusi, vya mkanda na kibati cha kufungia. Jumamosi moja alimtuma avipeleke kwa fundi atoboe tundu jingine kwenye mkanda, kwani, alisema, ngozi siku hizi inajikunja. Fundi mwenyewe ni yule yule shemeji wa Mama Redio, marehemu mtarajiwa, mwembamba kama sindano zake, amekaa kibandani na msharasi mkononi, anatoboa soli ya mtu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Viatu hivi tena? Si nilitoboa juzijuzi? Mkanda umeisha, binti. Nikitoboa zaidi natoboa hewa. Mama ananenepa?"

"Uso unakonda. Miguu ndiyo inayonenepa."

Fundi aliweka msharasi chini. "Jioni ukimbonyeza hapa juu ya kifundo, kidole kinaacha shimo?"

"Kinaacha."

"Hayo ni maji. Mimi nilikuwa hivyo hivyo."

"Nawe ukapona kwa divai."

"Kwa divai?"

Kimya akamweleza. Fundi alisikiliza mdomo wazi, na habari ilipofika kwenye paa akajipiga paja. "Shemeji yangu! Huyu mwanamke atakuja kunizika na nizungumze mwenyewe kaburini kwamba bado! Chupa alileta, kweli. Nikaonja, chachu, nikawapa mafundi rangi wa hapo jirani. Mimi nimepona kwa vidonge, binti. Nesi aliniongezea na vya kukojoa. Nilikojoa wiki nzima kama bomba lililopasuka. Maji yalipoisha ndipo nikapanda paa, maana lilikuwa linavujia kitandani kwangu."

"Na kuimba?"

"Kuimba nini! Nilijigonga kidole. Nilikuwa natukana."

Kimya hakurudi nyumbani. Alikwenda kliniki na viatu vya mama kwapani, akasubiri mpaka foleni ikaisha. Nesi alimsikiliza huku anafunga madirisha.

"Hicho kitu kipo, sikatai," alisema nesi. "Kwenye ganda la zabibu kipo. Hata kwenye karanga kipo kidogo. Lakini hao panya walipewa kingi mno. Ukitaka kukipata kiasi hicho kwa kunywa divai, utakuwa umeua ini moyo haujapata hata taarifa. Na kwa binadamu, bado hakuna aliyeonyesha kwamba kinatibu moyo uliochoka. Vidonge vinatibu. Anakunywa glasi kubwa?"

"Ni funda. La kanisani."

Nesi aliacha dirisha.

"Na kama si divai kabisa?" Kimya aliuliza. "Kama ni sharubati?"

"Sharubati ya nani?"

"Naulizia tu."

"Basi anakunywa sukari, binti, na maji yanampanda. Sasa yako miguuni. Yakifika kifuani atazama akiwa kitandani mwake, chumba kikavu kabisa. Analala mito mingapi?"

Kimya alifikiri. Mto wake mwenyewe ulikuwa umehamia kwa mama tangu wiki iliyopita. Mama alisema anapenda kuegemea.

Nesi alihesabu vidonge, akavitia kwenye bahasha ndogo. "Aanze leo. Jumatatu umlete hapa hata kwa mkokoteni. Na akishindwa kupumua, usingoje Jumatatu."

Jioni ile mama alikuwa kwenye mkutano wa kupinga pombe, na aliporudi alikuwa amechoka, hakutaka kusemeshwa. Akaifunika bahasha kwa mkono, akasema kesho. Asubuhi Kimya alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni la Jumapili limekwisha valiwa, kiatu kimoja mguuni. Mkanda haukufika kwenye kibati. Alikuwa anauvuta, anapumzika, anauvuta, na kila akipumzika pumzi ilitoka na sauti ndogo, kama mlango wa mbali.

Kimya aliweka bilauri ya maji juu ya kigoda, na vidonge juu ya kitambaa safi. Halafu akakaa chini sakafuni, mbele ya ile miguu.

"Mama, divai iliisha zamani."

"Divai gani?"

"Ya kanisani. Mliimaliza. Ninayoweka ni sharubati ya watoto. Nachanganya mwenyewe, kwenye dumu."

Mama Kimya aliuachia mkanda. Alimtazama binti yake kwa namna ambayo wale aliowamwagia pombe mtaroni waliijua vizuri.

"Rudia."

"Sharubati, Mama. Ya shule ya Jumapili."

"Kwa hiyo mimi nimesimama mbele ya kanisa zima, na kilemba changu kichwani, nikashuhudia maji ya sukari?"

"Ulisema umepona."

"Nilipona!" Sauti ilipanda kama zamani, ikakatika njiani. Akakohoa, akashika godoro. "Nani anajua?"

"Mimi na Mchungaji."

"Na Mungu."

"Na Mungu."

"Huyo hana maneno," alisema Mama Kimya, na ghafla akaanza kucheka. Alicheka mabega yakipanda, akamtaja mzee wa miwani na zabibu zake za mvua nzuri, akamtaja wa upara, akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Kimya naye akacheka, japo alikuwa anaangalia mabega tu. Kicheko kilipokwisha mabega hayakushuka. Yaliendelea kupanda na kushuka, yanatafuta hewa.

"Fundi alikunywa vidonge, Mama. Hakunywa divai. Na hakuimba."

"Hilo nalo Mama Redio alidanganya!"

"Meza hivi, tuende."

Mama Kimya aliviokota vidonge, akavishika kiganjani. Hakuvipeleka mdomoni. "Nikimeza leo, Jumatatu niko kliniki kwenye foleni, kila mtu ananiona. Mwenyekiti aliyepona. Mama Redio atatangaza kabla sijapewa namba."

"Atangaze."

"Wewe ni mtoto." Akavigeuza vidonge kwa kidole gumba. Sauti yake ilishuka mpaka Kimya akalazimika kuinamia. "Mzee wa mkongojo alinifuata. Aliniuliza kama na yeye aache vyake. Vya shinikizo la damu. Nikamwambia mtu haweki mguu huku na huku."

"Akaacha?"

"Unadhani nimemuuliza?"

Nje, viatu vya visigino virefu vilipiga kelele kwenye changarawe, na mlango wa mbele ukagongwa kwa kiganja kizima.

"Mama Kimya! We Mama Kimya! Utatoka lini? Nimeacha mkoba wangu benchi la mbele kukushikia nafasi, na yule mzee wa miwani nilimwacha anautazama vibaya!"

Kimya aliuchukua mguu wa mama yake, akauweka juu ya paja lake, akakivua kile kiatu. Mkanda ulikuwa umeacha alama ndefu iliyozama kwenye nyama. Akasogeza bilauri karibu na mkono wa mama.

"Meza, Mama," alisema. "Halafu twende ukasimame, uwaambie. Au mwambie mzee wa mkongojo peke yake. Mimi nitasimama na wewe."

Mama Kimya alitazama kiganja chake, akatazama mlango.

"Mwenzangu, uko hai humo?" aliita Mama Redio, akagonga tena.